Ushuhuda Niliomtolea Shija

Atu mwanangu,

Salamu tutapeana kesho asubuhi kwenye basi, mbele za watu, kwa hiyo hapa naziruka. Umekwenda kusuka nywele, na wewe na yule msusi wako mkianza soga mnasahau kichwa kimeishia wapi. Umeme umekatika tangu saa saba, mashine ya kukoboa mpunga imelala, na vibarua wamejilaza juu ya pumba. Nimepata nafasi ya kuandika na sitaki kuimaliza kwa habari za sweta. Iringa unakokwenda kuna baridi, kila mtu anajua. Kupika unajua. Mambo ya wanaume nimekuambia tangu darasa la sita, na kama hayakuingia wakati ule hayataingia leo.

Nakuandikia juu ya Shija.

Wiki hii umeniomba namba yake ya simu mara tatu. Mara ya kwanza nilisema nitaitafuta. Mara ya pili nilijifanya nasikiliza redio. Mara ya tatu nilikujibu vibaya, ukanuna, tukala ugali kimya kama wageni waliokutana hotelini. Nisamehe kwa lile jibu. Namba sikupi, lakini una haki ya kujua sababu, nami siwezi kuisema huku umenikodolea macho. Nikikuona nitaanza kujitetea.

Najua unamtakia nini. Hiyo ofisi ndogo ya Iringa imekuajiri uwatafutie kazi watu wanaotoka gerezani, na mwezi ujao mnawaita wenye karakana na wenye viwanda mkae nao. Unataka Shija asimame siku hiyo aseme: nilifungwa, nikapokelewa Ubaruku, leo nitazameni. Kwenye usaili uliwaambia kazi hii umeirithi, kwamba mama yako aliianza kabla hata ofisi yao haijazaliwa. Ulinisimulia kwa furaha, nikacheka pamoja nawe. Kisha nikaenda kuwafungia kuku mapema mno, maskini, walikuwa bado wanachakura.

Shija alifika hapa wewe ukiwa kidato cha kwanza, uko bweni. Ulimwona wakati wa likizo tu: mtu mrefu, mpole, aliyekuchomelea bawaba za sanduku lako la bati. Ni Msukuma wa hapahapa Usangu, wazazi wake walishuka na ng'ombe kabla yeye hajazaliwa. Kosa lake lilikuwa la mpunga, kama makosa mengi ya huku. Jirani alifungulia maji ya mfereji siku isiyo zamu yake, maneno yakazidi, na Shija akampiga koleo la bega. Mkono wa yule bwana haukurudi kuwa mkono. Shija hakukana. Alihukumiwa miaka minne akaitumikia. Haya yote unayajua tayari, na unayajua kwa sababu yangu.

Alipotoka alizunguka mashine zote za Ubaruku. Kila mahali walimtaka barua ya mwenyekiti wa kitongoji na mdhamini. Mwenyekiti alimwambia arudi wiki ijayo, na wiki ijayo akamwambia hivyohivyo. Mimi sikumdai barua. Watu wamenisifu kwa hilo miaka yote hii, na wewe umo. Ukweli ni kwamba vibarua wangu wawili walikuwa wamekwenda kuvuna mpunga wao na magari yalikuwa yamepanga foleni mpaka barabarani. Siku ile ningemwajiri hata mbuzi, mradi awe na mgongo wa kubebea gunia.

Alibeba magunia kwa wiki kadhaa. Siku ya kwanza nilimuuliza alifungwa kwa nini, akanieleza kila kitu akiwa amesimama juani. Sikumuuliza anajua kufanya nini. Haikunijia kabisa akilini kwamba anaweza kuwa anajua kitu. Mashine ikafa katikati ya mavuno, nikamwita fundi kutoka Uyole, fundi akasema anakuja, na siku mbili zikapita anakuja. Shija akanifuata barazani.

"Mama Atu, ile siyo mota. Ni beringi ya upande wa huku. Tangu juzi inalia."

"Wewe umejuaje?"

"Kule nilikuwa karakana."

Nikampa spana kwa kukosa la kufanya. Fundi wa Uyole alipofika na mkoba wake alikuta tunakoboa. Alikunywa chai akarudi alikotoka.

Tangu hapo Shija ndiye aliyeiendesha mashine. Alikuwa akipita karibu nayo anasimama kidogo, anainamisha kichwa, halafu anasema mkanda huu haumalizi wiki, na kweli haumalizi. Mchele wetu ulipungua chenga, wateja wakaongezeka. Lakini mimi niliendelea kumwita kijana wangu. Mwaka wa pili aliniomba kitu kimoja. Alisema, "Mama, naomba niandikiwe hata karatasi, kwamba mimi ni fundi hapa." Nikacheka. Nikamwambia, "Karatasi ya nini kati ya mama na mwana? Wewe ni mtoto wa nyumbani."

Tunalipenda sana neno hilo, na ukilisema unajisikia mwema mpaka vidoleni. Ila mtoto wa nyumbani hana mkataba. Hana likizo, hana cha kuonyesha akienda kuomba kazi kwingine, na hana pa kulalamika, maana nani aende kwa mwenyekiti kumshitaki mama yake? Niliamini nimempa kitu kikubwa kuliko karatasi. Niliamini kabisa, Atu. Sikuwa mnafiki, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Utakutana na waajiri wa aina yangu. Watakupokea vizuri kuliko wale wanaokufungia geti, watakuwekea soda, watasema, huyo mlete, tutamlea. Waulize tu watamwandika kazi gani. Mtu wa miaka thelathini na kitu hahitaji kulelewa.

Sasa ushuhuda. Mwinjilisti tuliyekuwa naye wakati ule alikuwa mtu mwema, sema mdomo wake ulitangulia kila mahali. Sikukuu ya mavuno ilipokaribia akaniambia, mama, yule kijana wako ana neno, asimame. Nikamwambia Shija, akakubali. Alikuwa bado mpya, ana shukrani, angekubali hata kuimba. Alisimulia polepole, kwa woga, watu wakalia. Nililia na mimi. Baada ya ibada wanawake walinishika mikono mmojammoja.

Usharika mwingine ukasikia, ukatuita. Halafu mwingine. Nikawa natembea naye kama kwaya. Nilimnunulia shati jeupe la shughuli hiyo, na lilikuwa linakaa kwangu kabatini, halikai kwake. Kila mwaka ushuhuda wake ulizidi kuwa mfupi. Niliona, nikadhani anasahau, nikawa namkumbusha njiani: usiache pale pa koleo, pale ndipo watu wanapoguswa.

Sokoni watu walimwita mfungwa wa Mama Atu. Hawakuwa na ubaya. Mwanamke alikuwa ananipigia kelele kutoka kwenye nyanya zake, "Mtume yule mfungwa wako aniletee pumba!" nami naitikia. Alikuwa na miaka mitano nje, na huko gerezani alikaa minne tu. Sikumsahihisha mtu. Nadhani lile neno "wako" lilinipendeza.

Mwaka huo wa tano tulialikwa Uyole. Tulikwenda na pikapu, nyuma tumepakia magunia mawili ya sadaka yetu ya mavuno. Tulipopita Igurusi Shija akasema, "Mama Atu, leo naomba nisiongee."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa?"

"Basi tu. Leo nikae kama watu."

Nikamjibu, "Mungu akutendee yote haya, halafu wewe unyamaze?" Akageukia dirisha. Alitazama malori mpaka tunafika. Mtu akininyamazia huwa nahesabu nimeshinda, na wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote, maana nimekushinda hivyo mara nyingi.

Kanisa lilijaa. Mbele kulikuwa na maboga, mikungu ya ndizi, viazi na majogoo waliofungwa miguu wakingoja mnada. Mchungaji akamwita ndugu yetu kutoka Ubaruku. Shija alisimama palepale alipokuwa amekaa, hakwenda mbele. Akasema, "Naitwa Shija. Ni fundi wa mashine za mpunga. Namshukuru Mungu kwa mavuno. Asanteni." Akakaa.

Watu walingoja. Mchungaji akanitazama mimi. Uso ukanichoma, nikaona kama vile Shija amenivua nguo mbele ya kanisa, maana mimi ndiye niliyewaahidi. Basi nikainuka. Nikajifunga kitenge vizuri, nikaenda mbele, nikausema ule ushuhuda mwenyewe. Nilisema mfereji, nilisema koleo, nilisema mkono wa yule bwana na miaka minne, nilisema na zile ndala alizokuja nazo kwangu zimefungwa waya. Nilisimulia vizuri kuliko yeye. Kuna mahali niliwachekesha. Wakapiga vigelegele, na bibi mmoja akanishika mkono wakati narudi kukaa: "Ndaga fijo, asante sana mama, umetubariki."

Shija alikuwa anatazama maboga.

Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza, ningempa majibu. Aliendelea na kazi wiki tatu mpaka msimu ukaisha. Akapaka grisi kila panapopakwa, akabadilisha mkanda, akamwonyesha kibarua mmoja namna ya kusikiliza beringi. Kisha akaja barazani asubuhi na begi lake.

"Mama Atu, nimekuja kuaga."

"Unakwenda wapi?"

"Natafuta."

"Nimekukosea nini?"

Alilitua begi kwanza. "Kunipa kazi hukunikosea," akasema. Akaniamkia tena kama vile ndiyo amefika, akaenda. Shati jeupe alikuwa ameliacha kwangu, bila shaka, kwa sababu hata siku moja halikuwa lake.

Nilikasirika vibaya. Kila aliyekuja kukoboa nilimwambia shukrani ya punda ni mateke. Wewe ulipokuja likizo ukauliza Shija yuko wapi, nikakwambia amepata kazi kubwa mjini, nami ndiye niliyemtafutia. Uliruka kwa furaha. Uongo ule ulisoma nao kidato cha tano na cha sita, ukaenda nao chuo, na juzi ukaingia nao kwenye usaili.

Mwaka uliofuata alikuja hapa bwana mmoja wa Uyole kununua mchele. Alikuwa na mashine mpya kubwa uani kwake. Nikamkaribisha chai, akauliza, "Yule fundi wako yupo?"

"Aliondoka."

"Eeh. Mimi nilikuwa nimchukue. Tulishakubaliana kila kitu, mkataba upo mezani, alikuwa aje kusaini Jumatatu."

"Ikawaje?"

Akanitazama kama mtu anayetaniwa. "Si ulisimama kanisani, mama?"

Jumatatu hiyo ilikuwa kesho yake baada ya ibada ile ya Uyole. Yule bwana alinieleza taratibu, hakuwa na hasira. Alisema Shija alikuwa amemwambia, mzee, kabla sijasaini nina jambo langu la kukueleza, tukae wawili. "Nadhani lilikuwa hilohilo," akasema. "Angenieleza yeye, kwa mdomo wake, ningemsikiliza. Hata kaka yangu mimi alifungwa. Lakini mke wangu alikuwa amekaa pembeni yangu palepale kanisani, na mashine ipo uani kwetu, watoto wanacheza hapo. Akasema hapana. Na mimi sikuwa na la kumjibu, maana na mimi ndiyo nilikuwa nasikia."

Akanywa chai yake, akaaga. Niliona aibu, Atu. Ile ya kanisani ilikuwa ya kuonekana na watu, na ilipita kabla hatujafika nyumbani. Hii haikuwa na mtu wa kuniona, na bado ninayo. Shija hakutaka kumficha yule bwana. Alitaka kuchagua siku, na mahali, na maneno. Vitu vitatu tu, nami nikavichukua vyote kwa dakika kumi.

Usije ukanielewa kwamba nakufundisha kudanganya waajiri. Wapo ambao lazima waambiwe, na lipo kosa ambalo mtu hatakiwi kupewa kazi fulani akiwa nalo, hilo mtapima huko ofisini na wenzako wenye elimu. Nakwambia kitu kidogo zaidi. Muulize mwenyewe nani aambiwe, na nani amwambie. Akitaka kusema peke yake, wewe kaa nje kwenye benchi. Kaa tu, hata kama unajua ungesema vizuri zaidi. Hasa kama unajua ungesema vizuri zaidi, maana una mdomo wangu. Na wako wanaopenda kusimama mbele za watu wakasimulia, inawapa nafuu. Hao waache wasimulie, ila siku wakichoka usiwakumbushe pa koleo.

Nilidhani nimemaliza, lakini bado lile ambalo sijamwambia mtu.

Mwezi wa nne nilipokwenda Iringa kwenye kipaimara cha binti wa shangazi yako, nilishuka barabara kuu kutafuta rola za mpira za mashine. Dukani wakanielekeza karakana moja karibu na malori yanapoegesha. Nikaingia, nikamkuta Shija. Ana mvi, amevaa ovaroli, miwani inaning'inia kwa kamba shingoni. Wafanyakazi watano, wateja wawili, na mwenye karakana mwenyewe ameketi mlangoni. Wote wanamwita fundi. Nilitaka kugeuka nirudi, ila alikuwa ameshaniona. Akafuta mikono akaja.

"Shikamoo, Mama Atu."

Mwenye karakana akauliza, "Fundi, mnafahamiana?"

Nikangoja. Nilijiambia, haya, leo na wewe utasemwa. Alikuwa na habari zangu zote: mama aliyemnyima karatasi, aliyemzungusha makanisani, aliyesimama akamwaga maisha yake mbele ya maboga. Watu wanane wanasikiliza, hakuna hata mmoja anayenijua, na kuongea mbele za watu anajua, mimi ndiye niliyemzoesha. Nikaukumbatia mkoba wangu.

Shija akasema, "Huyu mama ana mashine Ubaruku. Nilifanya kazi kwake. Mleteeni kiti."

Basi. Kiti kikaja nikakaa. Akanichagulia rola, akazipapasa kwa kidole, akakataa mbili. Mimi nikafungua mdomo nimwombe msamaha palepale, mbele yao wote, machozi yameshakaribia. Akatikisa kichwa kidogo sana, kiasi kwamba hakuna mwingine aliyeona. Nikafunga mdomo. Msamaha ule ungekuwa ushuhuda mwingine, na mama yako alikuwa tayari kuutoa, hajajifunza kitu.

Alinisindikiza mpaka kwenye bajaji. Hapo tulikuwa wawili, nikamwambia, "Shija, nisamehe kwa yale ya Uyole." Akacheka kidogo akiweka rola zangu kwenye kiti.

"Mama, mbona siku ile niliyoondoka nilisamehe kabla basi halijafika Makambako."

Nikamwomba namba ya simu. Akaniandikia, wala hakuuliza ni ya nini.

Sijui kama mwenye karakana anajua. Huenda Shija alikaa naye wawili siku aliyoichagua, wakamalizana. Huenda bado anaitafuta siku hiyo. Mimi hainihusu tena, na wewe haikuhusu, hata kama ofisi yako ingemhitaji namna gani. Iringa si kubwa. Ukikutana naye mjini, mwamkie kama unavyowaamkia wakubwa wengine, upite.

Na ofisini wakikuuliza yule fundi wa Ubaruku uliyewasimulia yuko wapi, waambie mama yako alimpoteza. Hutakuwa umedanganya.

Ni mimi,
mama yako.